Mkojo wa Saa Ishirini na Nne

Sosthène Kataliko alikuwa mtu wa heshima zake, na heshima hizo ndizo zilizomponza. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja kubwa ya Kasese, mzaliwa wa Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza. Alivuka mpaka mwaka 1964, mambo yalipochafuka Kongo, akiwa na miwani yake ya kuchomelea shingoni, suruali mbili, na leso ya mfukoni iliyopigwa pasi. Wenzake walikimbia na magodoro na mbuzi. Yeye alikimbia na leso. Watu wa Bwera, alikofikia ng'ambo ya mpaka, walimcheka wiki nzima, kisha wakampa mke, Musoki, binti wa Mama Vasta. Watu wale ndivyo walivyo, wanaweza kukucheka na kukupenda kwa mdomo uleule.

Kazi aliijua, hilo hata wasiompenda walikubali. Hamuza, msimamizi wa karakana, alikuwa askari mstaafu wa jeshi la Mwingereza, na hakuna aliyepata kumsikia akimsifu mtu, hata mwanawe. Lakini siku moja alipitisha kidole juu ya mshono wa chuma aliouchomelea Sosthène, akakitazama kile kidole, akasema, "Hii iko sawa." Sosthène hakulala kwa furaha. Tangu hapo akapewa mahali pa mbele karibu na mlango mkubwa, penye mashine mpya, na pakaitwa kwa Sosthène kama vile pamesajiliwa serikalini. Nyuma yake alifanya kazi Maate, fundi mdogo kidogo kwa umri, mkimya, mwenye watoto watano, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akipakodolea macho mahali pale. Sosthène alijua, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuugua hata siku moja.

Mwaka 1967 kampuni ilinunua vyuma chakavu, nguzo za daraja na mabehewa ya zamani, vyote vimepakwa ile rangi nyekundu nzito ya kuzuia kutu. Kazi ilikuwa kuvikata na kuviunga upya. Moto ulipogusa rangi ile, ulitoka moshi wa manjano ulioacha ladha tamu mdomoni, ladha ya kijinga isiyo na mahali pake. Mafundi hawakujali. Saa nne walikunywa maziwa, kila mtu nusu lita, wakiamini kwamba maziwa huukamata moshi kifuani na kuuteremsha hadi nje. Nani aliwafundisha hivyo sijui, ila walikunywa kwa imani kubwa kuliko walivyosali.

Kisha wafanyakazi wawili wakashikwa na tumbo la kusokota, mmoja akapinda kama ndoano, na hapo kampuni ikamleta Daktari Baluku. Alikuwa kijana wa Kyondo aliyesomea udaktari Kampala, mwembamba, mwenye haraka. Aliwapanga mafundi sita mstari mmoja akawaeleza kwamba rangi ile ina madini ya risasi. Kwamba moshi wake huingia kifuani, hutoka kifuani ukaingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu ukaishia kwenye mkojo. Na kwamba mkojo wa mtu ukipimwa Kampala, utasema amekula moshi kiasi gani. Hakutaka mkojo wa mara moja. Alitaka wote wa saa ishirini na nne, tangu king'ora cha Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni, uletwe Jumatatu.

"Nyinyi nasikia?" aliuliza. "Yote. Na isiingie chombo ingine, ni hii chupa tu. Hii tumeiosha na dawa."

Hamuza alihisi maneno ni mengi mno, akayafupisha kijeshi. "Squad! Chupa moja, mtu moja! Kojoa ndani! Ukimwaga ni kosa! Ukisahau ni kosa! Tawanyika!"

Sosthène aliipokea chupa yake akaitazama. Ilikuwa ya kioo cheupe, pana, ya lita mbili na zaidi. Ungeweza kusoma gazeti kupitia ndani yake. Ubavuni palibandikwa karatasi yenye maandishi makubwa: KATALIKO S.

"Munganga," alisema polepole, "hii chupa inaonyesha ndani."

"Ndiyo. Ni kioo."

"Batu bataona mambo yangu."

"Wataona mkojo," alisema daktari. "Hata wao iko nayo."

Daktari hakujua, na Sosthène hakuwa na ulimi wa kumwambia, kwamba Jumamosi ile ilikuwa Jumamosi ya pekee. Sophie, mdogo wake Musoki, alikuwa anachumbiwa, na upande wa mwanamume ulikuwa unakuja Bwera kujitambulisha kwa Mama Vasta. Sosthène, mkwe mkubwa, ndiye angeketi mbele. Na kwa desturi yao, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawaambiani neno la moja kwa moja. Wakikutana njiani mmoja hupisha hadi kwenye nyasi. Miaka miwili na nusu ya ndoa, Sosthène alikuwa hajapata kumwambia Mama Vasta hata "habari" bila kumpitishia Musoki. Sasa mtu kama huyo aingie uani mwa mama mkwe amekumbatia chupa ya mkojo yenye jina lake! Afadhali kufa.

Kwa hiyo alifanya kile ambacho fundi peke yake angekifanya. Ijumaa ile wakati wa chakula cha mchana alichukua kipande cha bati jipya, akakikata, akakikunja, akatengeneza mkebe wa kupendeza wenye mfuniko na mshikio. Maungo yake aliyaziba kwa solda, ile risasi laini ya mafundi bati inayoyeyuka kama siagi. Aliupaka mafuta kidogo nje ukang'aa. Ulikuwa mkebe wa kubebea asali ya askofu. Daktari alikuwa amesema isitumike chombo kingine, lakini Sosthène alijiambia kwamba daktari alikuwa na wasiwasi wa uchafu, na mkebe wake ulikuwa safi kuliko chupa yoyote. Mkojo ungelala ndani ya mkebe kwa adabu, na Jumatatu ungehamia kwenye chupa. Nani angejua?

Jumamosi ile huko Bwera ilikuwa ndefu. Wageni waliketi, hotuba zikaanza, na kila baada ya saa moja mkwe mkubwa alisimama, akachukua mkebe wake chini ya kiti, akaingia nao migombani, akarudi akitembea kwa uangalifu kama mbeba komunyo. Chai ilikuwa nyingi, kwa hiyo safari zikawa nyingi. Alipokuwa haendi, mkebe aliuweka katikati ya miguu yake, kwa kuogopa watoto. Ukimwona mtu analinda kitu hivyo, wewe utafikiri nini? Mama Vasta, aliyekuwa ameketi mlangoni akiwa amempa mkwewe kisogo kama desturi ilivyotaka, aliyaona yote, maana wakwe wa kike wana macho kisogoni. Akamtuma Musoki.

"Mama anauliza ile mukebe iko na nini."

"Iko mambo ya kazi."

Musoki alikwenda akarudi. "Anasema kama ni asali, anaomba kuonja kidogo tu. Kama ni mafuta ya taa, anaomba ya taa moja, bageni baone mwangaza."

Sosthène aliubana mkebe kwa magoti. "Mwambie hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana asali, hapana mafuta, hapana kuonja! Mwambie iko ya munganga!"

Musoki alimtazama mumewe kwa jicho ambalo watu waliooa wanalijua, akaenda kutoa jibu. Mama Vasta alisimama. Aliinua kiti chake, akakiingiza ndani ya nyumba, akafunga mlango. Mkwe amemnyima mbele ya wakwe wapya. Habari ilivuka hadi Nyakiyumbu kabla jua halijatua.

Jumatatu asubuhi, nyuma ya karakana, Sosthène alimimina mkojo kutoka kwenye mkebe hadi kwenye chupa. Ulikuwa umelala mle siku mbili tatu, umekuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa, na harufu yake sitaieleza kwa sababu watu wanakula. Aliukabidhi kwa Daktari Baluku huku ameangalia pembeni. Mkebe aliusugua kwa mchanga na majivu, mara tatu, akauficha.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Daktari aliwaita mafundi mmoja mmoja kwenye chumba cha huduma ya kwanza, lakini Sosthène alipofika alimkuta daktari anasoma karatasi, anaiweka, anavua miwani, anaifuta, anasoma tena.

"Mpaka wetu wa risasi ni mia moja na hamsini," alisema daktari. "Wengi wenu iko chini. Maate iko na mia mbili na kumi, amezidi. Wewe iko na elfu moja na mia tisa."

Sosthène, ambaye shuleni kwa mapadri hakuwahi kupata zaidi ya sitini, alijizuia kutabasamu. "Asante, munganga. Na hao bengine nilibaacha mbali hivyo?"

"Sosthène, hii si mtihani! Hii ni sumu! Kwa hii karatasi, ningekuzika mwaka jana." Alimfungua mdomo akatazama fizi, akambonyeza tumbo, akamwambia anyooshe mikono. Mikono ilinyooka kama rula. "Tumbo nauma?"

"Hapana."

"Nakula?"

"Nakula sana."

Daktari alijikuna kichwa. Lakini karatasi ni karatasi, na ya Kampala tena. Siku hiyohiyo Sosthène aliondolewa kwenye moto na kupelekwa stoo, akalie kigoda na kuwagawia wenzake misumari na bolti. Hamuza alimwambia kwa ufupi, "Mwezi mbili. Ukipona, narudi. Ukikosa kupona, Maate ndiyo fundi wa mbele. Nyuma geuka!" Kuhusu Maate, daktari aliandika kwamba apimwe tena baadaye, na kwa haraka ile ya kumwokoa mtu wa elfu moja na mia tisa, hakuna aliyemkumbuka mtu wa mia mbili na kumi. Maate akapewa mashine mpya, mlango mkubwa, na lundo lote la vyuma vyekundu.

Nisikufiche, Sosthène alilia. Alilia stoo, nyuma ya mapipa, kwa leso yake ya pasi. Kufa alikuogopa kidogo tu; alichokiogopa ni kumsikia Maate akiwasha moto wake. Kila cheche ilipolia kule mbele, ilikuwa kama mtu anakula chakula chake huku anamtazama.

Watu nao hawakumsaidia. Walipojua ana sumu ya kuua watu kumi na wawili, wakaanza kumhurumia kwa sauti kubwa. Fundi seremala alipita stoo mara mbili akimpima urefu kwa macho. Katekista alikuja kumuuliza anapenda wimbo gani. Maate mwenyewe alikuja, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi, akasema, "Kaka, pole sana. Zile glavu zako za ngozi... wewe naacha kwa nani?" Sosthène alimrushia bolti. Maate alikwepa, akaondoka akisema ni sumu hiyo inampanda kichwani.

Hata Mama Vasta alisamehe. Mtu anayekufa hawekewi kinyongo. Alimchinjia jogoo, na kupitia kwa Musoki akatuma maneno mazuri kwamba hata kama alinyimwa, yeye si mtu wa kukumbuka, ingawa anakumbuka. Sosthène alikula jogoo peke yake nyuma ya pazia, moyo ukamlainika. Akaona si vyema kuondoka duniani na deni la ubaya kwa mama mkwe. Alikuwa na kitu gani kizuri cha kumpa? Mkebe. Ulikuwa umeoshwa mara tatu. Akauosha ya nne, akautoa. Mama Vasta alipoupokea alilia machozi, akautia chumvi, akauweka mahali pa kuonekana.

Wiki zilipita, na Sosthène hakufa. Alinenepa. Hilo lilimsumbua Daktari Baluku kuliko kama angekufa, na siku moja ya Jumanne, siku chache kabla ya arusi ya Sophie, akaja stoo akaketi juu ya pipa.

"Nimefikiri sana," alisema. "Moshi peke yake haileti elfu moja na mia tisa. Labda unakula risasi nyumbani. Iko sufuria ya kuzibwa? Birika? Mkebe wa bati, yenye solda? Solda ni nusu risasi. Ukiweka ndani kitu kali, ndimu, maziwa ya kuganda, pombe, maji ya ndizi, na ilale siku mbili, risasi yote inatoka naingia ndani ya hiyo kitu."

"Hata..." Sosthène aliacha kuhesabu bolti. "Hata kitu kingine chenye chumvichumvi?"

"Hata hiyo. Kwa nini?"

Hapo ndipo alipoelewa. Aliona mkebe wake, aliona maungo yake mazuri ya solda, aliona mkojo wa Ijumaa ukikaa humo hadi Jumatatu. Sumu haikutoka mwilini mwake. Ilitoka kwenye ufundi wake. Neno moja tu lingemrudisha kwenye moto siku hiyohiyo. Alifungua mdomo, na mbele yake akaona daktari akicheka, Hamuza akicheka, karakana nzima ikilala chini kwa kicheko, na Mama Vasta akisikia kwamba zawadi aliyoililia machozi ilikuwa choo. Akafunga mdomo.

"Kwetu hapana mukebe, munganga," alisema.

Alijichukia wakati anasema. Lakini alijituliza kwamba chumvi kavu haina neno, na kwamba baada ya arusi atautafuta mkebe auibe, autupe mtoni, kisha atafute namna nyingine ya kupimwa upya.

Ijumaa jioni dereva wa lori la kahawa akamletea barua kutoka kwa Musoki, ambaye alikuwa ametangulia Bwera kupika. Iliandikwa: "Usikose kuvaa koti. Mama anakuheshimu sana. Maji ya ndizi ya kufungulia arusi ameyaweka ndani ya mukebe wako tangu Jumatano, yapate ukali. Baba ya bwana arusi ndiyo atakunywa kwanza."

Hakuvaa koti. Alfajiri ya Jumamosi alidandia lori la kwanza lililoelekea mpakani, akateremka Bwera na vumbi hadi kwenye nyusi, akafika uani pumzi zikimtoka. Watu walikuwa wameshajaa. Mkebe ulikuwa juu ya kistuli katikati, umefungwa utepe mwekundu, na Mama Vasta amesimama kando yake na kata mkononi. Baba wa bwana arusi, mzee mmoja mnene wa Mpondwe, alikuwa ameshika kikombe kitupu.

Sosthène alifikiri haraka. Alijifanya anakwenda kusalimia, akajikwaa kwa makusudi, akaanguka juu ya kistuli pamoja na mkebe. Maji ya ndizi yalimwagika. Alijisifu moyoni akiwa bado chini.

"Woi, maskini!" walilia akina mama. "Miguu imekwisha! Sumu imefika magotini!" Watu wanne walimwinua, wakamfuta, wakampepea. Mwanamke mmoja aliuinua mkebe akautikisa. "Musiogope, nusu bado iko!" Mama Vasta akauchukua, na maji yaliyobaki akayamimina kwenye kikombe cha mzee.

Mzee alikiinua kikombe, akatoa shukrani fupi kwa Mungu, kwa wazazi, kwa barabara. Sosthène aliona kikombe kikipanda. Alimtafuta Musoki apeleke ujumbe. Musoki alikuwa jikoni. Hakukuwa na mtu wa kupitishia maneno. Akapiga moyo konde, akamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake, akapaza sauti:

"Mama mukwe! Basinywe! Hiyo mukebe nilikojolea!"

Hata kuku walinyamaza. Kikombe kilikuwa kimesimama kwenye mdomo wa mzee, kimegusa masharubu. Mama Vasta hakugeuza uso. Naye alimtazama.

"Lini?" aliuliza.

"Siku ya kujitambulisha, mama. Siku nzima. Ilikuwa mukojo ya munganga, ya kupima. Niliogopa chupa, chupa inaonyesha."

"Siku ile nilipoomba kuonja?"

"Ndiyo, mama."

Mama Vasta aliiweka kata chini taratibu. Mabega yakaanza kumtetemeka, na watu wakadhani analia, wakamkimbilia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope ya ndizi akiwa na gauni lake la arusi, akimnyooshea mkwewe kidole, akisema kwa pumzi fupifupi, "Kumbe... kumbe hakuninyima! Alinihurumia!" Mzee wa Mpondwe alikuwa ameshatupa kikombe migombani na alikuwa anasukutua mdomo kwa chai. Sosthène alijaribu kueleza habari ya risasi, na solda, na vitu vikali vinavyolala siku tatu. Alieleza vizuri tu, lakini hakuna aliyemsikiliza. Neno la mkojo lilikuwa limetosha. Arusi ilifunguliwa kwa chai, na nasikia ndoa hiyo haina kasoro.

Jumatatu alimweleza Daktari Baluku yote, tangu bati hadi masharubu. Baada ya kumwambia mama mkwe, daktari alikuwa kazi ndogo. Daktari alipiga meza kwa hasira, akamwita mshenzi, akaangua kicheko, kisha katikati ya kicheko akanyamaza ghafla kama mtu aliyesikia kitu nje. Akaomba chupa mpya kwa mafundi wote. Safari hii Sosthène aliibeba chupa yake mchana kweupe, kifuani, kutoka chumbani kwake hadi karakana, KATALIKO S. imetazama mbele, na wauza ndizi walipomwuliza ni nini, aliwaambia. Habari ya mkebe ilikuwa imeshaenea karakana nzima.

Majibu yalipokuja, daktari alimwita akiwa amesimama. "Mia moja na thelathini," alisema. "Hauna ugonjwa. Kesho rudi kwa moto."

Sosthène alifunga macho. Alikuwa ameomba neno hilo kwa rozari nzima nzima. "Asante, munganga. Na Maate nitamwambia mimi mwenyewe, polepole. Asikasirike kutoka mbele."

"Maate ametoka," alisema daktari. "Iko na mia tano na sitini. Yeye mia mbili na kumi yake ilikuwa ya kweli. Mimi sikuitazama, nilikuwa natazama wewe." Alikuwa anaongea na dirisha. "Amekata ile vyuma nyekundu yote. Tumbo imemsokota wiki tatu, na hakusema, aliogopa kupoteza mahali. Kesho anakwenda hospitali."

Sosthène alikwenda stoo. Maate alikuwa ameketi kwenye kigoda kilekile, na sanduku la bolti mapajani, anajaribu kuzipanga. Vidole vyake vilikuwa vinacheza peke yake. Bolti moja ilimponyoka, akaifuata kwa macho tu. Alikuwa amekonda, na Sosthène alishangaa kwamba siku zote hizo alisikia cheche tu, hakumtazama mtu. Glavu zake za ngozi zilikuwa zimekunjwa vizuri juu ya rafu, zikimngoja.

Aliinama akaokota bolti, akaiweka sandukuni. Alitaka kusema mengi: kwamba ni aibu, kwamba ni desturi, kwamba kule Bwera palikuwa na wageni. Aliona haya kweli, siyo ile ya chupa.

"Maate, ndugu yangu," alisema. "Unisamehe."

Maate hakuinua kichwa. Alikuwa anahangaika kuikamata bolti nyingine.

"Mimi nilikojoa ndani ya chupa," alisema.